Ukosefu wa Ajira

Utafiti wa Nguvu Kazi wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa ukosefu wa ajira Tanzania Bara ulikuwa asilimia 10.3, mwaka 2006 ulikuwa 11.7. Ukizisoma tarakimu hizo ukiwa Lupingu, kando ya Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, utataka kujua nani amehesabiwa.

Chukua kijana wa hapo. Usiku wa giza anavua usipa kwa taa katika mtumbwi wa mwenzake na kupewa mgawo wa samaki. Mbalamwezi ikitoka uvuvi unalala, naye anapanda mlimani kupalilia mihogo ya nyumbani. Kwa kanuni iliyopitishwa na wanatakwimu wa kazi Geneva mwaka 1982, saa moja tu kwa wiki ilitosha kumwita mwenye ajira, hata akiwa ameitumia kwenye mihogo hiyo, mradi inachangia sana chakula cha kaya. Asiye na ajira alipaswa kutimiza masharti matatu: hana kazi, yuko tayari kufanya, na ameitafuta.

Sharti la tatu ndilo linalowaengua watu wa vijijini. Kutoka Lupingu, kutafuta kazi ni kusubiri meli, au kuikwea milima ya Livingstone hadi Ludewa mjini, kisha Njombe na Makambako, kwa nauli ambayo mtafutaji hana. Fasili ya kitaifa ya Tanzania imeliona hilo: inawahesabu pia walio tayari kufanya kazi ingawa hawakuitafuta. Naiona kuwa fasili ya haki zaidi.

Mwaka 2013 kanuni hiyo ya Geneva ilibadilika. Kazi ikawa shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au huduma. Ajira ikabaki ile ya malipo au faida. Kiswahili kilikuwa tayari kwa mgawanyo huo, kwani ajira na ujira ni mzizi mmoja. Mama anayelima chakula cha wanawe ana kazi tangu alfajiri, lakini ajira hana. Kwa hiyo tuseme "ukosefu wa ajira", na magazeti yaache kuandika "ukosefu wa kazi". Anayefanya kazi chini ya saa 40 kwa wiki huku akitaka zaidi, tumwite mwenye ajira pungufu.

Upande wa pili wapo waajiri wanaolalamikia upungufu wa wafanyakazi, na malalamiko hayo Njombe si mageni. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua kutoka mbali. Wabena, Wakinga na Wapangwa wa Njombe wakasafirishwa hadi Tanga, wakaitwa manamba kwa namba walizopewa, na kufanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Watu walikuwepo; waliokuwa tayari kuukata mkonge kwa malipo yale, jirani na mashamba, ndio waliokuwa wachache.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka wakati huo kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Kijana wa Lupingu akitoa katika mshahara wa namna hiyo nauli, chumba na chakula cha Makambako, anaweza kuamua kubaki na usipa wake. Mwajiri atasema hapati watu, na mdadisi wa takwimu atamwandika kijana huyo kuwa ana ajira.