Upendeleo wa Haki na Upendeleo wa Damu: Funzo la Uafrikanishaji, 1961–1964

Taifa lolote linalotoka katika utawala wa kibaguzi hukabiliwa na swali gumu. Sheria za ubaguzi zikiisha kufutwa, je, yatosha kuwatangazia watu kwamba sasa wote ni sawa, kila mmoja ashindane kwa nguvu zake? Au yule aliyenyimwa elimu na kazi kwa miaka mingi apewe kwanza upendeleo wa makusudi, mpaka awafikie wenzake? Tanganyika ililikabili swali hili kati ya mwaka 1961 na 1964, na mabishano yake yalikaribia kuiangusha Serikali. Hapana budi makada na wanafunzi tuyachambue, kwa kuwa swali lenyewe hurudi kila panapogawanywa nafasi chache kwa watu wengi.

Tuanze na hali waliyoiacha wakoloni. Elimu ilitolewa kwa rangi: shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha, na fungu la Mwafrika ndilo lililokuwa dogo kuliko yote kwa kila mtoto. Kazi nazo zilipangwa hivyo hivyo. Mzungu alitawala, Mwasia alishika ukarani na biashara, Mwafrika alibeba mzigo. Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Waafrika walishika kiasi cha robo tu ya nafasi za juu na za kati katika utumishi wa Serikali. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba nchi nzima ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Kusema kwamba katika hali hiyo watu washindane bila upendeleo kulikuwa ni kuubariki ubaguzi wa jana na kuuita usawa.

Kwa hiyo uafrikanishaji ulikuwa wa haki, na faida zake zilionekana. Kufikia mwisho wa 1963 wananchi walishika karibu nusu ya nafasi hizo. Wakulima wakaanza kuhudumiwa na maofisa wanaosema lugha yao, na mtoto wa kijijini akaona kwamba ofisi ya Bwana Shauri si mali ya Mzungu milele. Shule za rangi tatu nazo ziliunganishwa kuanzia 1962.

Lakini ndani ya madai hayo ya haki kulikuwa na madai mengine. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili muswada wa uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema kwamba Mwasia ametangulia mbali, na akipewa uraia sawa atautumia kuulinda utajiri alioupata chini ya mkoloni. Mwalimu alikataa katakata. Aliwafananisha wenye mawazo hayo na Hitler, akatangaza kwamba Serikali itajiuzulu kama muswada utakataliwa. Muswada ukapita.

Hata hivyo mabishano hayakwisha. Januari 1962 Mwalimu aliacha Uwaziri Mkuu ili aimarishe TANU, na Ndugu Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo. Serikali yake iliunda Tume ya Uafrikanishaji na kuharakisha kazi. Katika utekelezaji, Mwafrika alitangulizwa katika kuajiriwa na kupandishwa cheo, hata mbele ya raia mwenzake mwenye asili ya Asia. Hapo ndipo utata ulipo. Mtu aliyeapa utii kwa nchi hii, akaukana uraia mwingine, aliambiwa kwamba uraia wake una mpaka.

Januari 1964 Mwalimu, akiwa Rais, alitoa waraka wa kukomesha ubaguzi huo. Alieleza kwamba hatua hiyo ilihitajika kwa muda, na kwamba kuiendeleza kungezaa raia wa daraja la kwanza na raia wa daraja la pili. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walipinga vikali. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa kambi ya Colito waliasi, wakidai mishahara mikubwa na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Maasi yalizimwa na majeshi ya Uingereza yaliyoombwa na Serikali, jambo la aibu kwa nchi huru. Dai la askari kuhusu maofisa lilikuwa na msingi, na mwaka huo huo jeshi jipya likaundwa chini ya Mrisho Sarakikya. Lakini waraka haukufutwa.

Tujiulize sasa: ni nani aliyefaidika zaidi na uafrikanishaji? Ni wachache waliokwisha kusoma. Mkulima wa pamba hakubadilika hali kwa sababu tu karani amekuwa bwana mkubwa mweusi mwenye mshahara na nyumba ya Mzungu. Upendeleo unaopimwa kwa rangi peke yake huficha tabaka linaloota chini yake. Azimio la Arusha la 1967, kwa masharti yake ya uongozi, lilikuja kulijibu tatizo hilo.

Miaka ya 1970 Taifa lilijaribu kipimo kingine. Nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma ipate fungu lake mbele ya mikoa kama Kilimanjaro, iliyotajirishwa na kahawa na kujengewa shule nyingi na misheni. Kipimo hiki kilikuwa bora, kwa kuwa kilitazama unyimwaji wenyewe. Nacho kilikuwa na machungu yake: mtoto aliyefaulu vizuri aliachwa, na mwenye alama za chini wa mkoa mwingine akachukuliwa. Wazazi wa Kilimanjaro wakachanga, wakajenga shule za binafsi, na pengo likarudi kwa mlango mwingine. Ugomvi wa nafasi ulipungua sana pale tu shule za kata zilipoenea nchini katika miaka ya 2000.

Mafunzo ni matatu. Kwanza, upendeleo ni haki pale unapofidia unyimwaji unaojulikana, nao upimwe kwa unyimwaji huo, si kwa damu. Pili, uwekewe mwisho tangu mwanzo, maana anayefaidika hatauomba ukome. Tatu, uende pamoja na kuongeza shule na kazi. Kugawana uhaba kwa hesabu nzuri bado ni kugawana uhaba. Kada anayeutetea upendeleo bila kuyatimiza haya anawaandalia wananchi ugomvi, na anayeupinga bila kuitazama historia anamtetea aliyetangulia.