Bei ya Umbali: Mafuriko na Makazi ya Watu wa Kipato cha Chini katika Bonde la Msimbazi

Wakazi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, huelezwa ama kama wahanga wa mabadiliko ya tabianchi ama kama wavamizi wa ardhi hatarishi. Maelezo yote mawili yanaruka swali la msingi: kwa nini mtu anayejua kwamba maji yatakuja anaendelea kukaa pale? Ujinga si jibu. Miongoni mwa wanaohamia jijini wamo watokao maeneo kama Misigiri, Singida, upande ule wa Iramba ambako mbuga ya Wembere hutanda maji kila msimu wa mvua. Hao hawahitaji semina ya kuwafundisha kwamba bondeni maji hutuama. Hoja yangu ni kwamba wanaoishi bondeni wanakimbia gharama ya umbali. Kigogo, Jangwani na Mchikichini ziko hatua chache kutoka eneo la biashara la Kariakoo, na kwa kibarua, mchuuzi au mama lishe, chumba kinachomwezesha kwenda kazini kwa miguu kina thamani zaidi kuliko kiwanja kikavu kilicho mbali.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa Mabwepande. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, serikali iliwagawia waathirika viwanja huko, kiasi cha kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Wapo waliobaki, lakini wapo pia waliorudi bondeni, kwa kuwa walichopewa kilikuwa ardhi bila riziki. Bomoabomoa ya nyumba za bondeni iliyoanza Desemba 2015 nayo iliondoa kuta tu. Mahitaji yaliyozijenga yalibaki palepale.

Wapo watakaosema kwamba kuwatazama wakazi hawa kwa huruma ni kuzawadia uvunjaji wa sheria, maana bonde lilitajwa kuwa eneo hatarishi tangu mpango mkuu wa jiji wa 1979. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama dola lenyewe lingeuheshimu mpango huo. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, na imefurika mara kwa mara. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia malipo ya umeme ya LUKU, na mita haiulizi kama nyumba iko bondeni. Nyumba iliyo halali siku ya kodi na haramu siku ya fidia inahitaji maelezo ya kisheria ambayo mimi sijayaona.

Wengine watasema tatizo ni mvua. Ni kweli kwa sehemu: mvua za El Niño za 2023/24 zilikuwa kubwa, na Mto Msimbazi unaotoka vilima vya Pugu hukosa pa kutokea bamvua linapojaza mlango wake karibu na Daraja la Salender. Lakini mvua hiyohiyo hunyesha pia Masaki, mtaa wa wenye uwezo. Mchanga unaochimbwa, taka zinazoziba mifereji na ujenzi katika sehemu za juu za mto huamua maji yatasimama kwa nani.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, ulianza kulipa fidia na unajumuisha ujenzi wa daraja jipya Jangwani. Hata hivyo, uthamini hupima jengo, na mpangaji hana jengo. Yeye atatafuta chumba kingine cha bei ileile, na vyumba vya bei hiyo vipo pia kando ya Mto Ng'ombe na Mto Mzinga.