Tawhidi: maana ya dhahiri na maana ya masufi

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Tawhidi ni kuamini kuwa Allah ni Mmoja katika dhati, sifa na vitendo vyake, na kwamba hapana anayestahiki kuabudiwa kwa haki ila Yeye. Katika hilo Waislamu wote ni wamoja. Khitilafu iko katika namna ya kulifahamu.

Wanaoshika dhahiri

Hawa huyathibitisha matamko ya Qur-ani kama yalivyokuja, mfano istiwaa juu ya Arshi (Taha: 5), bila ya kuuliza vipi. Imamu Malik alifunza kuwa kuiamini ni wajibu na kuuliza namna yake ni bid'a. Kinga yao ni Ash-Shura: 11, kwamba hakuna chochote kilicho mfano wake.

Masufi

Masufi hawaikanushi maana hiyo. Wao huuliza: imefika wapi moyoni? Imamu Ghazali (aliyefariki 505 H/1111), katika Ihyaa, aliigawa tawhidi daraja nne akazifananisha na jozi. Sisi wa visiwani tuifahamu kwa nazi. Kumbi ni shahada ya ulimi na moyo umeghafilika. Kifuu ni itikadi ya moyoni, nayo humlinda mtu. Nazi yenyewe ni kuona kuwa mambo yote, ingawa mengi, yatoka kwa Mmoja. Mafuta ni mja kughariki hata asimuone ila Mmoja.

Mpaka uko wapi?

Katika daraja hii ya mwisho ndipo ulipozuka mzozo. Ibn Arabi (638 H/1240) amenasibishwa na wahdatul-wujud, yaani umoja wa kuwepo. Ibn Taymiyya (728 H/1328) aliipinga vikali, kwa kuona inaondoa tofauti ya Muumba na kiumbe. Sheikh Ahmad Sirhindi wa Bara Hindi (1034 H/1624), naye sufi, alieleza kuwa huo ni umoja wa kushuhudia tu: jua likichomoza nyota hazionekani, lakini zipo. Kabla yao wote, Junayd wa Baghdad (298 H/910) alisema tawhidi ni kumtenga wa Milele na kilichozuka. Kauli hiyo Ibn Taymiyya mwenyewe aliisifu.

Hukumu

Kauli mbili hatuzikubali, akizisema yeyote: kwamba Muumba ameingia ndani ya kiumbe, na kwamba aliyefika daraja fulani amesamehewa sala. Yasiyofika hapo, watu wa nyumba moja wasikufurishane. Kijana asimwite babu yake mshirikina kwa kuhudhuria zikri, wala babu asimwambie mjukuu kuwa dini yake ni kumbi tupu. Kwanza aulizwe mtu anakusudia nini. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa anayemwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao.

Wallahu aalam.