Binghamton na Hatimiliki ya William Bingham

Binghamton, mji wa jimbo la New York uliopo pale mto Chenango unapoingia katika mto Susquehanna, una jina la mtu ambaye hakuwahi kuwa mkazi wake, yaani William Bingham, mfanyabiashara wa Philadelphia aliyezaliwa mwaka 1752. Kabla yake bonde hilo lilikuwa na makazi ya wenyeji wa asili yaliyoitwa Otsiningo, ambayo jeshi la Marekani liliyateketeza mwaka 1779 wakati wa vita vya uhuru dhidi ya Uingereza, na haiwezekani kuieleza kwa haki hatimiliki iliyofuata bila kuutaja moto huo.

Utajiri wa Bingham ulitokana na vita hivyohivyo. Mwaka 1776 alitumwa Martinique, kisiwa kilichotawaliwa na Ufaransa, awe wakala wa Bunge la makoloni yaliyoasi. Huko alitafuta silaha na baruti, akatoa vibali kwa manahodha wa meli za watu binafsi walioruhusiwa kuteka meli za biashara za Uingereza, na sambamba na kazi hiyo ya umma akaendesha biashara yake mwenyewe, hata aliporudi mwaka 1780 alikuwa tajiri. Mwaka huohuo alimwoa Anne, binti wa Thomas Willing, na mkwewe alipokuwa rais wa Bank of North America, iliyoanza kazi mwaka 1782, Bingham alikuwa mmoja wa wakurugenzi.

Mwaka 1786 yeye na wenzake walipata hatimiliki, yaani hati ya serikali inayothibitisha umiliki wa ardhi, iliyohusu eneo la makutano ya Chenango na Susquehanna. Bingham, aliyekuwa seneta kuanzia 1795 hadi 1801, aliiacha kazi ya mji kwa wakala wake Joshua Whitney, ambaye ndiye anayestahili kuitwa mwanzilishi: yeye ndiye aliyeuza viwanja na kuwashawishi walowezi wa kijiji cha awali, kilichokuwa juu zaidi kando ya Chenango, wahamie kwenye makutano, mahali palipoitwa Chenango Point, pakawa makao makuu ya kaunti ya Broome ilipoundwa mwaka 1806.

Bingham alifariki mwaka 1804 huko Bath, Uingereza, miaka 30 kabla ya kijiji kusajiliwa kwa jina lake. Mfereji ulioufungulia mji njia ya maji hadi Utica ulikamilika mwaka 1837, na reli ikafika mwaka 1848.