Hesabu ya Kumbukumbu Iguswayo

Tangu zilipoanza kuwako kompyuta, wenye kuzisimamia wamekabiliwa na mas'ala yale yale yamkabiliyo mwenye ghala bandarini, ambaye mpangaji wake hukodi nafasi ya magunia mia, na huku magunia anayoyafungua juma hata juma hayazidi matatu. Programu nayo huomba kumbukumbu, na kiasi ilichoomba huandikwa daftarini papo hapo. Ama kiasi inachokitumia kwa hakika, hilo halikuwa na jawabu jepesi.

Asili ya jawabu ni Manchester, Uingereza, ambako Tom Kilburn na wenzake waliunda kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Desemba 1962. Kumbukumbu yake ya haraka, iliyofumwa kwa vipete vya sumaku, ilichukua maneno (yaani vizio vya data) 16,384 tu, na ngoma ya sumaku izungukayo, iliyo nzito kujibu, ilichukua maneno 98,304. Na ili mtungaji wa programu asilazimike kujua neno lake limewekwa wapi, vyote viwili viligawanywa kurasa za maneno 512, mashine yenyewe ikawa hamali wa kuzipandisha kwenye kumbukumbu ya haraka na kuzishusha ngomani. Ili ijulikane ni ukurasa upi ushushwe, kila ukurasa uliokuwa juu ulitiwa alama, iliyowaka ulipoguswa, na kila baada ya maagizo 1,024 programu ya usimamizi ilizisoma alama zote, ikazinakili, ikazifuta. Mizani ilikuwa imekwisha kupatikana, ijapokuwa walioitengeneza walikusudia uchukuzi, si upimaji.

Aliyeifanya kipimo ni Peter Denning, katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968. Zama zile watu wengi walishirikiana mashine moja, na ilikuwa ajabu kuona kwamba mashine iendayo vyema, ikiongezwa programu moja tu, mara huzama katika kupandisha na kushusha kurasa, kazi yenyewe isitendeke. Denning alinena kuwa haja ya programu ni zile kurasa ilizozigusa katika muda maalumu uliopita, na kwamba isipewe zamu mpaka nafasi ya kurasa hizo ipatikane. Uzuri wa kauli hiyo, kwa maoni yangu, ni kule kuuingiza muda ndani ya kipimo: asiyetaja muda hajapima kitu.

Mifumo endeshi ya leo, Linux ikiwamo, imeongeza insafu katika kurasa za shirika, yaani zitumiwazo na programu kadhaa kwa pamoja, ambazo zamani kila programu ilihesabiwa kwa ukamilifu kana kwamba ni zake peke yake, na sasa zaweza kugawanywa kwa idadi ya washirika. Lakini njia ya kuijua haja ya kweli ni ile ile: mpimaji hufuta alama, husubiri, kisha huhesabu zilizowaka. Akisubiri sekunde moja ataona kurasa chache, akisubiri saa ataona nyingi. Na kurasa za programu ya hesabu ya mishahara, zilizolala tangu mwisho wa mwezi, hataziona kabisa mpaka siku ya malipo ifike.