Neno «Mmakonde»

Jina la umma mara nyingi hutamkwa kwanza na jirani. Huko Peru, Inka kilikuwa cheo cha mtawala. Baada ya Wahispania kumkamata Atahualpa mwaka 1532, kikageuka kuwa jina la watu wake wote.

Kusini mwa Mtwara nako majina yalitoka kwa wengine. Mkataba wa Wajerumani na Wareno wa mwaka 1886 uliufanya Mto Ruvuma kuwa mpaka, na watu wa lugha moja wakabaki kila ng'ambo. Waliovuka kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge Tanganyika waliitwa Wamawia, jina lililobeba dharau. Wa pwani, karibu na mlango wa mto, wakaitwa Wamaraba. Wa uwandani, Newala, walibaki Wamakonde.

Kilichowakusanya tena ni mpingo. Tangu miaka ya 1950, vinyago walivyochonga wahamiaji hao Dar es Salaam viliuzwa duniani kwa jina la Makonde. Na aliyedharauliwa kwa Umawia akasifiwa kwa Umakonde.

Lakini sifa si haki. Wamakonde wa Kwale, nchini Kenya, ambao wazee wao walifuata kazi za mashambani, waliishi bila uraia hata walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi mwezi wa Oktoba 2016. Ndipo serikali ikawatambua kuwa kabila la 43. Jina lililokwisha kuuza vinyago kwa nusu karne likaandikwa, hatimaye, katika daftari la raia.