Kunukuu vyanzo kwenye ripoti ya fildi: mfano wa Kyela

Mwanafunzi wa sosholojia anayekwenda fildi Kyela hukutana na jina Wilson kabla hata hajapanda basi. Maandiko mengi kuhusu Wanyakyusa yanalitaja. Tatizo ni kwamba akina Wilson wako wawili, na anayeandika "(Wilson)" tu bado hajamwambia msomaji ni yupi.

Godfrey Wilson alianza utafiti kwa Wanyakyusa mwaka 1934. Mkewe, Monica, aliungana naye mwaka uliofuata, wakamaliza 1938. Mwaka huohuo Godfrey alichapisha kazi kuhusu haki za ardhi. Alifariki 1944. Monica akaendelea kuandika, na mwaka 1951 akatoa Good Company, kitabu kuhusu vijiji vya rika.

Katika mfumo wa APA, unaotumika sana kwenye sayansi za jamii, waandishi wenye jina moja la ukoo hutenganishwa kwa herufi ya jina la kwanza: (G. Wilson, 1938) na (M. Wilson, 1951).

Mwaka wa kitabu si mwaka wa tukio

Sentensi hii ina nukuu sahihi, ila inapotosha: "Vijana wa Kinyakyusa huishi katika vijiji vya rika lao (M. Wilson, 1951)." Msomaji atadhani ndivyo Ipinda au Matema palivyo leo. Bora kuandika: "M. Wilson (1951), akitumia data za miaka ya 1930, anaeleza kwamba vijana walijenga vijiji vya rika lao."

Tena maelezo yake yamejadiliwa. Simon Charsley (1969) na Michael McKenny (1973) waliyapitia upya. Anayemtaja Wilson peke yake anamnyima msomaji mjadala huo.

Takwimu nazo ni hivyohivyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 221,490 wilayani Kyela, lakini ripoti yenye idadi hiyo ilitoka 2013. Mwaka wa sensa unabaki kwenye sentensi. Mwaka wa ripoti unaingia kwenye mabano.

Kutafsiri si kutunga

Wapo wanaochukua aya ya Kiingereza, wanaigeuza Kiswahili, halafu wanaiacha bila jina la mtu kwa kuwa "maneno ni yangu". Maneno yamebadilika, wazo bado ni la mwenyewe. Huo ni wizi wa kitaaluma sawa na kukopi na kupesti. Jina na mwaka lazima viwepo. Kama maneno ya mwandishi yamewekwa kama yalivyo, zinaongezwa alama za kunukuu na namba ya ukurasa.

PDF iliyotumwa kwenye grupu la WhatsApp pia ina mwandishi wake. Chanzo ni yule aliyeandika, si aliyetuma wala jina la faili. Marejeo yaliyotolewa na programu za akili bandia yahakikiwe moja moja, kwani baadhi yake ni ya vitabu ambavyo havijawahi kuwepo.

Ambaye hajakisoma kitabu aseme

Kitabu cha 1951 si rahisi kukipata. Mwanafunzi aliyekutana nacho ndani ya tasnifu ya mtu mwingine aandike "kama alivyonukuliwa na", kisha jina na mwaka wa mwenye tasnifu. Kwenye orodha ya marejeo inaingia tasnifu tu, maana ndiyo aliyoisoma. Kama aliyenukuu alikosea, kosa litajulikana lilianzia wapi.

Watu wa fildi nao ni vyanzo

Akina Wilson hawakufanya kazi peke yao. Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa, alikuwa karani na msaidizi wao wa utafiti. Mchango wake ulikuja kuelezwa kwa kirefu katika kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank mwaka 2013. Aliyetafsiri mahojiano au kumpeleka mwanafunzi nyumba kwa nyumba anastahili kutajwa kwenye shukrani na kwenye sura ya mbinu za utafiti, kama ameridhia.

Waliohojiwa ni suala lingine. Mkulima wa mpunga aliyeeleza mgogoro wa shamba na ndugu zake hawekwi kwenye orodha ya marejeo. Maneno yake ni data. Ndani ya ripoti anatambulishwa kwa namba: "Mshiriki 4, mkulima wa mpunga, Ipinda", pamoja na tarehe ya mahojiano. Kijiji kikiwa kidogo kiasi kwamba watu watamjua hata bila jina, hata kijiji kifichwe. Ripoti hufika mbali, na mkulima huyo bado anaishi na ndugu haohao.

Kabla ya kukabidhi

Orodha hupangwa kwa alfabeti, jina la ukoo likitangulia. Majina mengi ya Kyela huanza na "Mwa", kwa hiyo mpangilio hufuata herufi inayokuja: Mwaipopo kabla ya Mwakalinga, Mwakalinga kabla ya Mwasomola.

Mwisho, ripoti isomwe mara moja kwa kazi hiyo tu. Kila kazi iliyonukuliwa ndani ionekane kwenye orodha, na kila iliyo kwenye orodha iwe imetumika ndani. Kazi ya nusu saa, na inaweza kumwepusha mtu na sapu.